Uzi: Wanariadha na makocha wetu wa Malindi tuwaandike wakingali hai

#1 Kijana wa Barani (mwanzisha uzi)

Wanajamvi, asalaam aleikum, na kwa ndugu wasio Waislamu, habari za jioni.

Jumapili nilikwenda mtaa wa Barani, hapa Malindi, kumjulia hali mwalimu aliyetufunza mbio miaka ya tisini. Mliosoma Malindi wakati ule mwamjua, na jina lake nitaliweka hapa siku atakayoniruhusu mwenyewe. Nilimkuta barazani, mguu wa kushoto umefungwa bendeji, redio ndogo mapajani. Chai haijamiminwa bado akanituma: "Ingia chumba cha nyuma, juu ya kabati, uniletee lile daftari."

Ni daftari kubwa la jalada gumu, lile la hesabu za duka. Mchwa wamelila pembe ya chini. Ndani, kila ukurasa una tarehe, kisha neno moja la upepo, kaskazi au kusi, kisha hali ya maji, kisha majina na muda wa kila mtoto. Miaka kumi na minne ya watoto wa Malindi, Ganda, Mambrui na Kakuyuni. Akafungua bila kutafuta sana, akaniwekea kidole: jina langu, mita 400, sekunde 52.6. Pembeni ameandika kwa penseli: "Ametazama nyuma."

Nina miaka arubaini na saba, nina watoto watatu, na mbio nimeacha zamani. Lakini nilipoyasoma maneno yale mawili niliisikia ile kona ya mwisho miguuni. Kweli nilitazama nyuma. Kijana wa Muyeye alinipita zimebaki hatua mbili kufika utepe.

Nilimuuliza ni nani mwingine amelisoma daftari hili. Akasema hakuna aliyewahi kuliulizia.

Ndiyo sababu ya uzi huu. Kila mwaka tunasikia kwamba Pwani haina riadha, kwamba mbio ni za watu wa milimani. Na sisi wenyewe twakubali, kwa sababu hatuna karatasi ya kuonyesha. Watoto waliotoka hapa wakafika mashindano ya mkoa, na wachache wakafika ya taifa, muda wao umelala juu ya kabati Barani. Mtu akifa, anakwenda nao. Nasema hivi: kabla ya vikombe, kabla ya sherehe na hotuba, tuanze kwa kuandika. Jina la mwanariadha, jina la aliyemfunza, mbio gani, muda gani, wapi, mwaka gani. Ukisha kumwandika mtu ndipo unajua unamuenzi nani.

Kwa wasiomjua, nieleze mwalimu huyu alikuwa akifanya nini.

Hakuwa na uwanja wa mpira wa kukimbilia. Alikuwa na ufuo. Na kalenda ya maji alikuwa nayo kichwani kama mvuvi. Siku za bamvua, yaani maji makubwa, Malindi maji hujaa alasiri, baada ya shule, mawimbi yakafika karibu na miti. Siku hizo tulikimbia juu, kwenye vumbi. Lakini maji mafu, yaani maji madogo, yakiingia, alasiri maji hupwa, na ule mchanga mweusi unaoletwa na mto Sabaki hukaza, ukipiga mguu hauzami. Hapo ndipo alipotupeleka mbio za kasi, kutoka karibu na gati kuelekea kaskazini. Alipima mita mia kwa kamba ya katani yenye mafundo, akachomeka vijiti, akasimama mwisho na filimbi mdomoni. Kamba ile ilikuwa ikilowa na kukauka mpaka ikafupika, basi kila mwanzo wa muhula aliipima upya kwa futi ya fundi cherehani, sentimita kwa sentimita, amepiga magoti barazani.

Tufe hatukuwa nalo. Alichukua jiwe la matumbawe, akalichonga kwa tindo, akalipeleka sokoni akaliweka kwenye mizani ya samaki. Lilizidi, akalichonga tena. Alirudi mara tatu mpaka mizani ikasema kilo 4, ambayo ndiyo uzani wa tufe la wanawake popote duniani. Kijiti cha kupokezana alikikata kwenye bomba la maji. Mistari ya uwanja alichora kwa jivu, kwani chokaa ilikuwa ya kununua.

Sasa nije kwenye lililonikaa moyoni. Mwaka mmoja tulishinda mbio za vijiti katika mashindano fulani, tukaandaliwa hafla ya kupongezwa. Mwalimu alivaa shati lake jeupe. Mlangoni aliambiwa jina lake halimo kwenye orodha. Sisi tulikuwa ndani, tunakula biriani, hatukujua. Tulipotoka usiku tulimkuta ng'ambo ya barabara amekaa juu ya jiwe, anatusubiri aturudishe makwetu kwa sababu alikuwa ameahidi wazazi. Hakusema neno. Sijawahi kulisahau shati lile.

Kuna mahali wamejua kufanya jambo hili. Iten, kule milimani, kwenye shule ya St Patrick's, wanafunzi wao wakawa mabingwa wa dunia na kushinda medali za Olimpiki, na shule ikawapandia miti, kila mti na kibao chake cha jina. Mti haugharimu chochote. Na kocha wao, Brother Colm O'Connell, alikuja kutoka Ireland mwaka 1976 kufundisha jiografia, riadha hakuwa ameisomea. Leo ukimtaja David Rudisha na ile 1:40.91 ya mita 800 ya London 2012, jina la Colm linafuata palepale. Hivyo ndivyo ninavyotaka kwetu: jina la kocha liandikwe mstari mmoja na la mwanariadha.

Mwakumbuka Februari 2024. Kelvin Kiptum, aliyekuwa na rekodi ya dunia ya marathoni ya 2:00:35 aliyoiweka Chicago, alifariki katika ajali ya gari, na kocha wake Gervais Hakizimana alikuwa naye, wakafa pamoja. Nchi nzima ililia Kiptum. Ukimuuliza mtu mitaani leo, wa pili aliitwa nani?

Naomba kila aliye na jina, muda, picha, cheti, aweke hapa. Mimi naanza na daftari.

#2 Mambrui Kwetu

Waaleikum salaam kaka. Nimesoma mara mbili. Hilo jiwe la matumbawe nalijua, lilinidondokea kidole cha mguu. Ukucha haujarudi sawa hadi leo. Nipo nawe.

#3 Binti wa Shela ya Malindi

Kaka Barani, umesema ya mwalimu, mimi nataka kusema ya mkewe, kwa sababu najua wanaume mtamsahau.

Nilikuwa darasa la saba, nakimbia mita 200 na kuruka mbali. Baba alikuwa amekataa. Kwetu msichana aliyebaleghe kukimbia mbele ya watu na miguu wazi halikuwa jambo la kuzungumzika. Mwalimu hakuja kubishana na baba. Alimtuma mkewe kwa mamangu. Alikuja baada ya Maghrib, na mahamri kwenye kitambaa, wakakaa uani wakazungumza mambo ya harusi ya mtu, mambo ya bei ya unga, saa nzima. Alipokuwa anaaga ndipo akamwambia mamangu: "Huyu mwanao nitamshonea suruali ndefu na mtandio wa kukaza, na mimi mwenyewe nitakuwa uwanjani mpaka amalize. Akirudi na mkono wa mtu juu yake, niulize mimi."

Akanishonea. Suruali ya kitambaa cha sare, nyeusi, ina lastiki kwenye vifundo vya miguu. Na kweli kila mazoezi alikuja, akakaa chini ya mkwaju na ndoo ya uji wa wimbi. Wasichana saba tulikimbia kwa sababu ya mama yule. Wawili kati yetu ni walimu sasa, na mmoja wao ndiye anayefundisha riadha shuleni kwake.

Basi mkiandika safu ya makocha, mama yule awemo. Hakuwahi kushika filimbi, lakini bila yeye sisi tusingekuwepo kwenye daftari.

#4 Mzee wa Gati

Vijana, sikizeni mtu mzima. Mazungumzo mazuri, lakini ubao hauliwi. Mwalimu ana kidonda mguuni, ninyi mnazungumza kibao na mti. Nimewaona wachezaji wa zamani wa mji huu, wa mpira na wa mbio, wakiuza mkaa, na siku ya mazishi ndipo watu wanajaa na mabango. Kama mnataka kumuenzi, kwanza ulizeni amekula nini, na dawa ya mguu anaipata wapi. Mengine baadaye.

#5 Kijana wa Barani

Mzee wangu, shikamoo. Umesema haki na sina la kupinga. Nililiacha jambo la mguu kwa kuona haya kulitangaza bila idhini yake. Ni sukari. Anakwenda kliniki, dawa nyingine anapata, nyingine ananunua. Tumeshaanza wanafunzi wake kumi na mmoja kumlipia mchango wa bima ya afya ya SHA wa mwaka, yeye na mkewe, na bendeji twanunua kwa zamu. Anayetaka kuingia aniandikie pembeni, sitaki nambari za watu zikae hapa wazi.

Ila mzee, niruhusu nikueleze kwa nini sikuanza na pesa. Mimi nilimwambia kwamba tutachanga. Aliitikia "ahsante" kama anavyoitikia mtu yeyote. Lakini nilipomwomba nikae nisome daftari, alisogeza kiti. Tulikaa mpaka adhana ya Ilasiri. Kila jina alikuwa na hadithi yake: huyu alikuwa anatembea kutoka Ganda, huyu mamake alikuwa anakaanga viazi pale Majengo, huyu aliruka mbali kuliko wote lakini kila mara mguu unavuka ubao. Sukari yake ilikuwa palepale, lakini sauti ilibadilika. Vyote viwili anavihitaji, na hata hili la pili si la kungojea mazishi.

#6 Mzee wa Gati

Marahaba. Hapo nimekuelewa. Nihesabuni katika bendeji.

#7 Mwalimu wa Magarini

Nimefundisha riadha shuleni miaka kumi na tisa, bado nafundisha. Naunga mkono uzi, na nina jambo la kitaalamu, kwa sababu tukiandika ovyo tutachekwa na tutawaaibisha hao hao tunaotaka kuwapa heshima.

Muda wote uliomo kwenye daftari ni wa saa ya mkono. Mtu akishika saa, anabonyeza baada ya kuona moshi au kusikia filimbi, na kidole chake kina uzito wake. Ndiyo maana muda wa mkono hutoka mdogo kuliko wa mitambo. Wenye kulinganisha huongeza sekunde 0.24 kwa mita 100 na 200, na 0.14 kwa mita 400. Kaka Barani, 52.6 yako tuiandike kama ilivyo, lakini mbele yake tuweke "mkono". Hakuna aibu hapo. Ni ukweli tu.

Pili, upepo. Mita 100, mita 200 na kuruka mbali, upepo wa nyuma ukizidi mita 2 kwa sekunde, matokeo hayaingii kwenye rekodi. Mwalimu hakuwa na kipimo cha upepo, lakini aliandika kaskazi au kusi. Ukijua ufuo ule unaelekea wapi, na mbio zilianzia upande gani, unajua nani alisukumwa na nani alikimbia akiupasua upepo. Mwalimu wa kijijini aliyefikiria kuandika upepo bila kuambiwa na mtu ni mtu wa kuheshimiwa sana. Nimefundishwa hilo kwenye semina, yeye alijifundisha.

Tatu, na hapa naumia. Viwanja vyetu vya vumbi vingi havitimizi mita 400. Nimepima mmoja mwaka jana kwa gurudumu la kupimia, nikapata mita 372. Mtoto anakimbia mzunguko mmoja, anapewa muda wa 49, anafurahi, anakwenda mashindano ya juu, kwenye uwanja kamili anatoa 53, anadhani ameshuka. Wangapi waliacha mbio kwa sababu ya mita 28 zilizopungua? Kwa hiyo kila mstari wa orodha yetu uonyeshe ulikimbiwa wapi.

Na naomba wa mkuki, kisahani, tufe na miruko mitatu wasisahaulike. Watu wetu wakisikia riadha wanaona mbio tu. Julius Yego alijifunza mkuki kwa kutazama video kwenye intaneti, akarusha mita 92.72 Beijing mwaka 2015, akawa bingwa wa dunia. Huyo hakutoka kwenye mbio ndefu za milimani. Mimi nina msichana mmoja hapa, kidato cha pili, bega lake sijawahi kuona. Ana mkuki wa mti wa mkoko.

#8 Kusi

Ninyi mnaosema Pwani hatuna riadha, mmemsahau Seraphino Antao wa Mombasa? Perth, 1962, Michezo ya Jumuiya ya Madola, yadi 100 dhahabu na yadi 220 dhahabu. Kenya ilikuwa bado koloni. Mwaka 1964 kule Tokyo, Olimpiki yetu ya kwanza tukiwa huru, yeye ndiye aliyebeba bendera. Alifariki London mwaka 2011. Ikachukua miaka 60 tangu Perth mpaka Mkenya mwingine, Ferdinand Omanyala, kushinda mbio ile fupi kuliko zote ya wanaume, ambayo sasa ni mita 100, katika michezo hiyo, Birmingham 2022. Miaka sitini! Na aliyetangulia ni mtoto wa Pwani, wa joto hili hili na usawa huu huu wa bahari. Waulize wanafunzi wa kidato cha nne hapa Malindi, uone wangapi wanalijua jina hilo.

#9 Mambrui Kwetu

Kusi umenikumbusha Machi 2007. Mbio za nyika za dunia zilifanyika Mombasa, kwenye uwanja wa gofu, mimi na marafiki watatu tulipanda matatu alfajiri kwenda kutazama. Kenenisa Bekele alikuja ameshinda mbio ndefu za nyika miaka mitano mfululizo. Jua letu na unyevu wetu vilimshika, mzunguko wa mwisho akaacha mbio. Akashinda Zersenay Tadese wa Eritrea. Nilikuwa kwenye kamba, nimemwona Bekele akipunguza mwendo mpaka akasimama. Bingwa mkubwa kabisa, na mwaka uliofuata akarudi akashinda tena. Sijataja kumdharau. Nataja kwa sababu mwalimu wetu alikuwa akituambia tangu zamani: hili joto mnalolilalamikia ni kazi, na mnaifanya kila siku bila kuandikiwa. Mazoezi ya muhula wa kwanza yakiwa kwenye kaskazi, saa tisa alasiri, alitumwagia maji ya kisima kichwani kwa kata, mmoja mmoja, kisha "twende tena."

#10 Binti wa Shela ya Malindi

Mwalimu wa Magarini, huyo msichana wa mkuki wa mkoko anavaa nambari gani ya kiatu? Nina jozi mbili za raba hazijavaliwa. Na cherehani ninayo.

#11 Mwalimu wa Magarini

Dadangu, Mungu akubariki. Nambari 39. Nitapita kwako Ijumaa.

#12 Mgeni kutoka Kisumu Ndogo

Habari zenu nyote. Mimi si mwanachama wa zamani, nimejiandikisha usiku huu kwa sababu ya uzi huu tu. Mamangu alikuwa akituambia kwamba alikimbia mita 800 akiwa msichana, peku, na akashinda. Sisi watoto tulikuwa hatumwamini. Si kwa ubaya, lakini tulimjua akiwa mnene, anauza mboga, magoti yanamuuma. Hana cheti wala picha. Alifariki miaka sita iliyopita. Kaka Barani, kama daftari linafika mwaka 1993, waweza kunitazamia? Alikuwa akikaa Kisumu Ndogo na kusoma mjini. Herufi za mwanzo za majina yake nimekuandikia pembeni.

#13 Kijana wa Barani

Dada, pole kwa mama, Mola amlaze pema. Kesho baada ya kazi nakwenda Barani. Mwalimu ameniruhusu kupiga picha kurasa zote, tumefika 1991.

#14 Kijana wa Barani

Nimerudi sasa hivi.

Kurasa zimepigwa picha zote, mia moja na themanini na sita, isipokuwa kumi na moja ambazo mchwa wamezimaliza. Mwalimu alikuwa ameketi kando yangu, na pale maandishi yalipofifia alinisomea kwa kichwa. Mahali pamoja nilisoma 2:35, akasema, "Hapana, tano hiyo ni moja, kalamu ilikuwa inavuja."

Dada wa Kisumu Ndogo, ulikuwa ni mstari wa mamako huo. Ukurasa wa 47, tarehe 6 Machi 1993, kaskazi, bamvua. Mita 800, uwanja wa vumbi, muda wa mkono, 2:31. Wa kwanza kati ya tisa. Mbele ya jina kuna neno "peku", na chini yake mwalimu amepiga mstari mara mbili kwa wino mwekundu. Nilimuuliza kwa nini mistari miwili. Akasema siku ile alimpa viatu vyake mwenyewe avae, mamako akavivaa, vikamvuka, akavirudisha kwa mikono miwili, akaenda kusimama kwenye mstari.

Picha ya ukurasa nimekutumia. Mwalimu anauliza kama una mtoto wa kike, na ana umri gani.